Khaloo, TV imenitoa siri mbele ya mavyaa

Asalaam aleikum Khaloo,

Naomba unisitiri jina. Mie naishi Fuoni, Unguja, nna miaka 29, nimeolewa huu mwaka wa nne na mtoto bado hatujajaaliwa. Mume wangu mtu mzuri hana maneno, lakini tunakaa nyumba moja na mavyaa na wifi yangu mdogo, na weye unazijua nyumba zetu, mwaka wa kwanza unaombewa dua, wa pili unaulizwa, ukifika wa tatu keshatafutwa mtu wa kukusomea. Mie najikaza tu.

Sasa mwezi wa Shaaban nikenda hospitali kimya kimya, hakuna aliejua isipokuwa shoga yangu mmoja ndo alienisindikiza. Daktari akanambia huenda mirija ya uzazi imeziba, nikafanye picha. Basi kuanzia siku ile kila usiku mume akishalala mie niko chini ya shuka na simu, natafuta, Google, YouTube, Facebook, Instagram, dalili za mirija kuziba, inazibuka au haizibuki, operesheni yake wanafanya wapi, bei gani, waliopata mtoto baada ya hapo wapo au hawapo. Kuna ukurasa mmoja wa dawa za mitishamba nikabonyeza pale pa kutuma ujumbe nikauliza bei tu, sikununua. Na apu ya kuhesabia siku zangu ninayo tangu nilipoolewa.

Haukupita muda simu ikaanza. Nikifungua video ya mapishi tangazo la uzazi, nikifungua habari uzazi, nikitaka kuangalia mambo ya watu tangazo linaniuliza umehangaika kwa muda gani dada. Nikasema sawa, simu yangu mwenyewe, naona peke yangu.

Kumbe weee. Ramadhani hii, tumeshafuturu, sote tuko sebuleni, wifi yangu akawasha TV akafungua YouTube atutilie qasida. Ukurasa mzima Khaloo! Mirija, siku za kushika mimba, halafu moja imeandikwa vyakula vya kuongeza mbegu za kiume, hio wallahi mie sijaitafuta hata siku moja. Na wifi yangu hana adabu, akazisoma moja moja kwa sauti kama anasoma taarifa ya habari. Mavyaa kanitizama mie. Mume wangu akachukua rimoti akabadilisha, hakusema neno, na mpaka leo hajasema. Wifi akamalizia eti hata simu yake siku hizi inamletea mambo ya uzazi na yeye hajaolewa, humu ndani kuna nini.

Mie nawaza mambo mawili. Ama shoga yangu kanitoa, ama simu zinatusikiliza, maana siku ile tulizungumza barazani kwao na simu zetu zote zilikuwepo hapo. Simu zake sasa sipokei. Na yule wa mitishamba kila asubuhi ananitumia sauti, ananiita kwa jina langu na mie sikumwambia jina. Simu yenyewe nimenunua Darajani, kijana wa dukani ndo alienifungulia kila kitu, akaniuliza email nikamwambia sina, mume wangu akampa yake, kwa hio hata sijui mambo ya kuseti.

Niambie Khaloo, nani kanitoa? Simu inasikiliza kweli? Niiuze? Na mume wangu nimwambie nini?

Mwenye Haya, Fuoni

* * *

Waaleikum salaam mwanangu,

Jawabu yako umeiandika mwenyewe karibu na mwisho na ukaipita: "mume wangu akampa yake". Shoga yako hana kesi. Simu yako wewe, simu ya mume wako na, bila ya shaka, TV ya sebuleni zote zimefunguliwa kwa email moja, na kwa Google nyinyi wote ni mtu mmoja tu, anapenda qasida, anapenda mapishi, na usiku hasinzii anauliza habari za mirija. Kila ulichokitafuta chini ya shuka kwenye Google na YouTube kimeingia kwenye historia ya akaunti hio, na TV inapowashwa inachofanya ni kumpendekezea mwenye akaunti vitu vinavyofanana na alivoangalia jana. Haijui kama mbele yake kakaa mavyaa.

Na hili si lako peke yako. Wanawake wangapi Unguja na Pemba simu zao zimefunguliwa kwa email ya mume, ya kaka, au ya kijana wa dukani mwenyewe ambae hata hawamjui jina, na nywila anayo yeye mpaka leo. Mtu anaona ameshanunua simu basi yake, kumbe kilicho chake ni kile kioo na betri.

Ya wifi yako yana njia yake. Nyote mnatumia waifai moja, na waifai ya nyumba ukiitizama kutoka nje ina anwani moja ya intaneti, wenye matangazo wanaweza kuzichukulia simu zote zinazopita hapo kuwa za watu wa nyumba moja na mnachokitafuta mmoja kikamfata mwengine. Au pengine si hivo, yeye ni msichana wa rika la kuolewa na wafanyabiashara wa uzazi wamelipia wanawake wote wa umri ule. Yote mawili yanawezekana, na yote mawili hayahitaji mtu kutoa siri.

Simu kusikiliza. Hili naulizwa sana na najua watu hawapendi jawabu yake. Mwaka 2018 watafiti wa chuo kikuu cha Northeastern, Boston huko Marekani, walizichunguza apu za Android zaidi ya 17,000 waone kama zinafungua maikrofoni kimya kimya zikatuma mazungumzo ya watu. Hawakupata ushahidi huo. Walichokipata kina ubaya wake, baadhi ya apu zilikuwa zinapiga picha au video ya kioo, yaani unachokibonyeza na kukiandika, na kuzituma kwa kampuni nyengine bila ya mtumiaji kuarifiwa. Lakini mwanangu, wakusikilize barazani kwa sababu gani? Barazani ulisema mara moja. Kwenye simu umesema kila usiku, kwa maandishi, na kwa undani ambao hata shoga yako hukumpa. Hospitali ulikwenda na simu mkononi na lokesheni imewashwa. Hao hawana haja ya sikio lako.

Sasa nikueleze inavokwenda biashara yenyewe, maana ukiijua utaacha kumshuku mtu. Ile kurasa ya habari unayofungua, kabla haijamaliza kufunguka, nafasi ya tangazo inapigwa mnada. Mnada wa kweli, wa kompyuta kwa kompyuta, unakwisha kabla hujapepesa jicho, na kinachonadiwa ni wewe: mwanamke, yuko Zanzibar, simu aina fulani, jana alisoma habari za uzazi. Simu yako ina namba yake maalum ya matangazo, tafauti na namba ya kupigia, na namba hio ndo inayowawezesha apu mbalimbali zisizojuana kukubaliana kuwa huyu ni yule yule. Na tovuti nyingi, za maduka, za hospitali za kulipia, za magazeti, zina programu ndogo ya Facebook ndani yake ambayo wewe huioni, wanaiita pikseli, ukifika pale inapeleka habari kuwa umefika. Kwa hio Facebook anajua ulipokwenda hata pale ulipokuwa hukumfungua Facebook.

Watu husema Facebook inauza majina yetu. Haiuzi jina, ingeuza mara moja tu ikamalizika. Muuzaji anasema nataka watu wa aina hii, Facebook anamwambia nnao, lete pesa nitawaonesha mie. Mwaka 2023 kampuni ya Meta, mwenye Facebook, Instagram na WhatsApp, iliingiza zaidi ya dola bilioni 130 na karibu zote ni za matangazo. Wao wenyewe walitangaza mwishoni mwa 2021, ikaanza Januari 2022, kuwa wauzaji hawatoweza tena kuchagua watu moja kwa moja kwa mambo ya afya, dini au siasa. Sawa, lakini mashine haihitaji kuambiwa unaumwa nini. Wewe ukitizama video ya mirija mpaka mwisho, ukarudia, ukabonyeza, imeshajifunza, inakuletea nyengine, na muuzaji hata hakuchagua kitu.

Ile apu ya kuhesabia siku nayo iangalie kwa jicho kali. Ipo moja maarufu duniani, Flo, yenye watumiaji zaidi ya milioni 100, mwaka 2021 mamlaka ya biashara ya Marekani, FTC, iliibana kwa kuwa iliwaahidi wanawake kuwa habari zao ni siri huku ikizipeleka kwa Facebook, Google na wengine, ikiwemo habari kuwa mtu yuko kwenye siku zake au anataka mimba. Ikabidi wakubali masharti ya kutotoa tena bila ya ridhaa. Sijui yako ni ipi wala sihitaji kujua. Kalenda ya ukutani na penseli hufanya kazi hio hio, mama zetu hawakuwa na apu na tarehe zao walizijua.

Yule wa mitishamba ndo alienikera mimi zaidi ya wote. Hakuna uchawi pale. Ulipobonyeza ile "tuma ujumbe" kwenye tangazo ulikuwa umefungua WhatsApp, na unapomtumia mtu ujumbe WhatsApp namba yako anaiona, jina uliloliandika kwenye profaili analiona, na picha kama hukuifunga anaiona vile vile. Ujumbe wenyewe umefungwa kwa ufunguo, WhatsApp wanafanya hivo tangu 2016 na wao hawausomi, ila wewe umeupeleka kwa muuzaji, na muuzaji si WhatsApp. Anaweza kuuweka, kuuonesha, kumpa mwenziwe orodha ya "wanaotafuta watoto". Mbloki leo, na mripoti hapo hapo kwenye WhatsApp. Na dawa yake usiinywe. Mirija iliyoziba huonekana kwa ile picha aliyokwambia daktari, inatiwa dawa ya rangi halafu eksirei, mtu ambae hajaiona picha yako na anakwambia chupa tatu zitaizibua huyo anajua kuuza tu.

Kisheria hauko mikono mitupu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na ipo Tume yake ya kupokea malalamiko. Sheria imezitaja habari za afya kuwa ni taarifa nyeti, yaani zina ulinzi zaidi, na imempa mtu haki ya kumwambia mfanyabiashara asitumie habari zake kumtangazia. Kwa Zanzibar inatumika isipokuwa kwa mambo yasiyo ya Muungano, na posta na simu ni ya Muungano. Sikwambii upeleke kesi kwa sauti tatu za WhatsApp. Nakwambia akiendelea kwa namba nyengine baada ya kumwambia basi, weka ushahidi, usizifute sauti zake.

Kuna watu watakwambia kama huna baya unaogopa nini. Maneno haya yananichosha. Wewe ulikuwa na baya gani? Ulikwenda kwa daktari. Sisi watu wa sitara, nyumba za mjini zimejengwa na daka na ua ili mgeni asione ndani, mtu huingii kwa mwenzio mpaka upige hodi uitikiwe, na Surat Hujurat imekataza wazi watu kuchunguzana. Halafu tunakwenda kukubali "allow, allow, allow" kwenye simu bila ya kusoma kwa sababu tunaharakia kuona harusi ya mtu. Wazungu wenyewe wa Ulaya wamebanana na Meta mpaka mwisho wa 2023 ikawawekea bei, aliekuwa anataka Facebook bila ya matangazo wakati ule alitakiwa alipe kuanzia euro 9.99 kwa mwezi. Huku kwetu hata hio bei hatujaulizwa.

Simu usiiuze, na hasa usiiuze kama ilivo, maana utamuuzia mtu na historia yako. Fanya hivi. Fungua email yako mwenyewe, yako peke yako, nywila usimpe mtu hata mie. Hamisha picha zako na namba za watu ziende kwenye akaunti mpya, hakikisha zimefika, ndo uitoe ya mume wako kwenye simu. Usianze kutoa kabla ya kuhamisha utalia. Kisha ingia kwenye mipangilio, sehemu ya Google, matangazo, utaona pa kufuta ile namba ya matangazo niliyokwambia, ifute. Kwenye akaunti ya Google pana pahala panaitwa My Ad Center, humo unaweza kusema hutaki kuletewa matangazo ya mimba na uzazi, wameyaweka pamoja na kamari na pombe, utapunguziwa, haitokuwa sifuri. Facebook nayo ina sehemu inayoonesha tovuti na apu zilizopeleka habari zako, nenda uikate, na utakapoiona ile orodha ukae chini kwanza. Maikrofoni na lokesheni zima kwa kila apu ambayo huoni inazihitajia za nini, tochi inataka lokesheni ya kazi gani jamani.

Ile ya kufungua ukurasa wa siri, incognito, inasaidia isibaki kwenye historia ya simu, basi. Tovuti unayoingia inakuona, na mwenye mtandao anaona umekwenda wapi. Kwa utafutaji wako wa usiku ingelikusaidia na TV ile, lakini pikseli ingelikuwa bado inapeleka habari.

Hayo yote ni kazi ya saa moja, na kama hujui mtafute binti wa kuaminika akukalie, si kijana wa dukani tena. Na ukishamaliza mpigie shoga yako. Yeye kakusindikiza hospitali na kakaa kimya Shaaban nzima, na malipo yake ni kuwa simu zake hazipokelewi. Huna haja ya kumueleza mambo ya pikseli, mwambie ulikuwa na mawazo umuombe radhi, atakuelewa.

Nimeliwacha la mume wako nyuma kwa sababu ndo lenye uzito.

Umesema ile video ya mbegu za kiume hukuitafuta wewe. Inawezekana ni mashine yenyewe, mtu akiuliza habari za mirija humtilia na za mbegu kwa kuwa wanaotizama hizi hutizama na zile. Hilo hutokea sana, usilifanye ushahidi. Lakini akaunti ni ya watu wawili, na mmoja wao alinyakua rimoti akanyamaza. Mwanamme aliekasirikia siri ya mkewe kwa kawaida huuliza usiku ule ule. Wako hajauliza. Kuna uwezekano kuwa na yeye ana usiku wake chini ya shuka.

Na hapa nakuomba sana. Kwa kuwa email yake bado iko kwenye simu yako, sasa hivi ukitaka unaweza kufungua historia ukaona kila alichotafuta, tarehe na saa. Najua umeshalifikiria kabla hujafika kwenye sentensi hii. Usifungue. Umeniandikia barua nzima unalia kwa kuwa mambo yako ya ndani yamesomwa bila ya idhini yako, na yeye ana haki ile ile. Ukifungua utajua, lakini utajua kitu ambacho hakukwambia, na utaishi nacho unajifanya hukijui, na siku atakapokwambia hutoweza hata kushtuka.

Mwambie wewe kwanza. Mtoe nje, nendeni Forodhani au mkae garini, nyumba ile ina masikio ya wifi. Mwambie nilikwenda kwa daktari, kanambia hivi na hivi, niliogopa ndo maana sikusema, na ile TV ni mimi. Nusu hio tu. Ya video ile usimuulize, mpe nafasi. Halafu mwambie daktari atataka kumuona na yeye, na hilo ni kweli tupu, vipimo vya uzazi ni vya watu wawili, kwa wanaume ni rahisi zaidi na hakina kisu. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2023 kuwa karibu mtu 1 katika 6 hupitia tatizo la kupata mtoto wakati fulani wa maisha yake, kwa hio hata hapo Fuoni mlipo hamko peke yenu, ila kila mmoja yuko chini ya shuka lake.

Mavyaa muachie mwanawe, hio si kazi yako. Amwambie mama tuko kwa daktari, basi, maelezo hayahitajiki.

TV nayo muifungulie akaunti yake peke yake, ya nyumba, ya qasida na mpira, na wifi yako ndo apewe kazi ya kuifungua kwa kuwa hodari wa kusoma.

Khaloo